Fonti za Bodoni na Didot katika Machapisho ya Kiswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa katika karakana ya usanifu na uchapaji iliyopo jijini Mbeya, ambayo wateja wake hutoka hapa mjini, Tukuyu, Mbozi, Makambako, Mafinga na Iringa. Wengi hufika na picha kwenye simu, ya kadi ya harusi au ya jalada la jarida la mitindo, wakasema wanataka "maandishi membamba ya kifahari kama haya". Majibu yafuatayo yanaeleza maandishi hayo ni yapi, yalitoka wapi, na kwa nini hupendeza sana katika kazi moja na kuharibika katika kazi nyingine.

Maandishi hayo yanaitwaje, na nitayatambuaje?

Wasanifu huyaita fonti za Didoni, jina lililoundwa na Mfaransa Maximilien Vox mwaka 1954, alipokuwa akiainisha herufi za chapa, kwa kuunganisha majina ya Didot na Bodoni. Alama yake kuu ni tofauti kubwa kati ya mstari mnene na mstari mwembamba ndani ya herufi moja. Tazama herufi n: miguu yake miwili ni minene na imesimama wima kama nguzo, lakini upinde unaoiunganisha huchomoza kwenye mguu wa kwanza ukiwa mwembamba kama uzi. Katika karakana yetu mstari mnene tunauita shina, na ule mwembamba tunauita unywele, na maneno hayo ndiyo yatakayotumika hapa.

Alama nyingine ni serifu, yaani vile vijimstari vinavyofunga ncha za herufi juu na chini. Katika fonti nyingi za vitabu serifu huungana na shina kwa kona iliyopinda taratibu, kama mzizi unavyotoka kwenye mti. Katika Didoni serifu ni unywele ulionyooka, uliokutana na shina moja kwa moja bila kona ya kuulainisha. Herufi o nayo hunenepa kushoto na kulia na kuwa nyembamba juu kabisa na chini kabisa, bila kuegama upande wowote. Ukiona pia matone ya mviringo kwenye ncha za a, c, f, j, r na y, basi huna haja ya kuuliza tena.

Zilitoka wapi?

Kwa muda mrefu herufi za chapa za Ulaya zilifuata mwendo wa kalamu yenye ncha pana, ambayo kwa sababu hushikwa kwa mshazari huacha unene ulioegama. Katika karne ya 18 waandishi walizoea kalamu yenye ncha kali inayopanuka inapobonyezwa, na wachongaji wa shaba walikuwa wakichora mistari myembamba ajabu kwenye bamba. Jicho la wasomaji likaanza kuupenda ule mng'ao wa unene na wembamba.

Hata hivyo mapenzi peke yake yasingetosha, kwa sababu karatasi ya zamani ilikuwa na mikwaruzo na unywele ungekatika juu yake. John Baskerville, wa Birmingham huko Uingereza, alishughulikia jambo hilo kwa ukaidi wa kupendeza: alirekebisha mashine, akatengeneza wino mweusi zaidi, akatumia karatasi laini na kuishinikiza baada ya kuchapa ili ing'ae, na kitabu chake cha kwanza kilichotoka mwaka 1757 kikawashangaza wachapaji wenzake. Herufi zake bado zilikuwa katikati ya zamani na mpya. Hatua ya mwisho ilichukuliwa Paris na Firmin Didot, karibu na mwaka 1784, na huko Parma, Italia, na Giambattista Bodoni, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma tangu mwaka 1768 hadi alipofariki mwaka 1813. Miaka mitano baadaye mjane wake, Margherita Dall'Aglio, alikamilisha na kutoa kitabu kikubwa cha sampuli za herufi za mumewe, chenye juzuu mbili, na kwa kazi hiyo anastahili kutajwa kila Bodoni anapotajwa.

Historia hii nimeieleza kwa sababu ya kiutendaji. Herufi hizi zilizaliwa siku ile karatasi ilipokuwa laini, na mpaka leo hazijasamehe karatasi mbaya.

Bodoni na Didot zinatofautianaje?

Ni ndugu wa karibu, na mtu anaweza kuzichanganya bila aibu. Didot ni kali na nyepesi zaidi. Nywele zake ni nyembamba mno, na ukurasa wake una utulivu wa ubaridi fulani. Bodoni ina mashina mazito zaidi na umbo la mraba kidogo, kwa hiyo inavumilia zaidi uchapaji wa kawaida. Fahamu pia kwamba "Bodoni" si fonti moja. Morris Fuller Benton aliifufua nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kiwanda cha Bauer cha Ujerumani kikatoa yake mwaka 1926, na tangu hapo zimetokea nyingine nyingi, kila moja na unene wake. Mteja anaposema "niwekee Bodoni", swali letu la kwanza huwa ni Bodoni ipi.

Kwa nini nisitumie Times New Roman, ambayo tayari ipo kwenye kompyuta?

Kwa barua, ripoti au tasnifu ya chuo, itumie bila wasiwasi. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la London na kuanza kutumika mwaka 1932, ili maneno mengi yaenee katika safu nyembamba na yasomeke kwa urahisi, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Ukiikuza hadi iwe kichwa cha jalada, inabaki kuwa herufi ya gazeti iliyokuzwa. Didoni hufanya kinyume: kadiri unavyoikuza ndivyo inavyozidi kupendeza, kwa kuwa shina hunenepa huku unywele ukiendelea kuwa unywele.

Nilichapa kazi yangu na nusu ya herufi zikapotea. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linahitaji hesabu kidogo. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani karibu milimita 0.35. Chukua fonti ambayo unywele wake ni asilimia 2 ya ukubwa wa herufi, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa Didoni ya vichwa vya habari. Ukiiandika kwa pointi 72, unywele una nusu milimita na kila mtu anauona. Ukiiandika kwa pointi 12, unywele unabaki milimita 0.085. Printa ya leza yenye nukta 600 kwa inchi huweka nukta zenye upana wa milimita 0.042, hivyo unywele wote unabebwa na nukta mbili, na tona (wino wa unga) ikiwa imepungua au ngoma, yaani silinda inayobeba tona hiyo ndani ya printa, imechakaa, nukta hizo haziji. Kinachobaki ni mashina matupu, na neno lako linaonekana kama fito za uzio ambao kamba zake zimekatika. Ukilitoa kivuli kwenye mashine ya kudurufu ndiyo kabisa.

Wachapaji wa zamani walilijua hili vizuri, kwa sababu walichonga kila ukubwa peke yake: herufi ndogo ilipewa nywele nene kidogo na nafasi pana zaidi, na herufi kubwa ikapewa wembamba wote iliyoweza kubeba. Kompyuta ilipoanza kukuza na kupunguza umbo lile lile moja, hekima hiyo ilipotea kwa muda. Jonathan Hoefler aliirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipotengeneza Didot kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar, yenye matoleo saba kwa ukubwa tofauti, kuanzia la pointi 6 hadi la pointi 96. ITC Bodoni ya mwaka 1994 nayo ina matoleo matatu, ya pointi 6, 12 na 72.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu printa, angalia umetumia toleo gani. Neno "Display" katika jina la fonti linamaanisha kwamba ni ya vichwa na mabango, na usiishushe chini ya pointi 20 hivi. Maandishi madogo yatafutie toleo lililotengenezwa kwa udogo huo, au fonti nyingine kabisa.

Nitumie karatasi ya aina gani?

Karatasi laini isiyonyonya wino sana. Kwa kadi tunapendekeza gramu 250 au 300 yenye uso ulionyooka. Kadi zenye mabonde na michoro ya kubonyea ni nzuri kwa mguso, ila unywele hukatika kila unapopita kwenye bonde. Karatasi ya kahawia ya krafti, ya aina inayotengenezwa Mgololo wilayani Mufindi, ina uzuri wake wa pekee na tunaipenda kwa mifuko, lakini nyuzi zake hunyonya na kutawanya wino. Juu yake chagua Bodoni nzito, kwa ukubwa usiopungua pointi 30. Epuka pia maandishi meupe ndani ya rangi nyeusi au ya zambarau, kwani wino wa pande zote mbili husogea na kuufunga unywele.

Je, Kiswahili kinapendeza katika fonti hizi?

Kinapendeza sana, lakini kina mambo yake, na hapa msanifu wa Kiswahili anapaswa kutumia jicho lake mwenyewe kuliko kuiga majarida ya Ulaya.

Kwanza, lugha yetu ina m, n, u na i nyingi, na hizo zote ni herufi za nguzo. Neno "muumini" lina mashina 14 yaliyosimama sambamba, na katika Didoni iliyobanwa neno hilo huwa kama ukuta wa mianzi ambao jicho hulazimika kuuhesabu. Dawa yake ni kuongeza kidogo nafasi kati ya herufi, hasa chini ya pointi 24, na kutofanya mistari kuwa mirefu. Maneno yenye k, y, z, o na e hupumua vyema: "mkoko", "heri", "Rungwe" na "kahawa" hutoka vizuri bila kuguswa.

Pili, herufi kubwa zetu hukutana kwa mishazari. Andika KWAYA. Herufi K, W, A, Y na A zote zina miguu ya mshazari, na kila jozi huacha pengo lake, kubwa kati ya A na Y, dogo kati ya K na W. Fonti nzuri ina marekebisho ya jozi hizo ndani yake, lakini programu ya kompyuta isipowashwa kuyatumia, neno hilo hukaa kama meno yenye mapengo. Bango la KWAYA YA VIJANA ndilo mtihani tunaoupitishia kila fonti mpya inayoingia karakana, na likitoka vizuri tunajua HARUSI na MAHAFALI hayatatusumbua.

Tatu, kuna ile alama ya ng' katika ng'ombe, ng'ambo na king'ora. Katika Didoni alama hiyo ni tone lenye mkia mwembamba, umbo zuri kabisa, na ni hasara kuliacha na kuweka kijiti kilichonyooka cha kibodi. Weka alama iliyopinda kama tarakimu 9 ndogo, wala si ile iliyogeuzwa kama 6.

Nne, na hili nalisema kwa mapenzi ya lugha, majarida ya nje huringia mkia wa Q na ile alama ya kuunganisha majina mawili (&). Kiswahili sanifu hakina Q, na badala ya ile alama tunalo neno "na". Liandike kwa herufi za mlazo (italiki), dogo, katikati ya jina la bwana harusi na la bibi harusi, nawe utaona lilivyo na haiba kuliko alama yoyote ya kuazima.

Na lugha nyingine za mikoa yetu?

Kihehe na Kibena mara nyingi havileti shida. Kinyakyusa kina vokali saba, na katika maandishi yanayozitofautisha zote hutumiwa ɨ na ʉ, zenye kijimstari katikati. Fonti nyingi za kifahari hazina herufi hizo, na kompyuta huzichukua kimyakimya kutoka fonti nyingine, hivyo katikati ya Bodoni inatokea herufi ngeni nyembamba isiyofanana na jirani zake. Kabla ya kuichagua fonti kwa ajili ya kitabu cha nyimbo au kadi ya Kinyakyusa, andika herufi hizo mbili peke yake kwa pointi 60 na uzilinganishe na i na u.

Nataka kadi ya harusi na kadi za mchango. Mnashaurije?

Majina ya maharusi yaandikwe kwa Didoni ya vichwa, pointi 36 au zaidi, na yaachiwe nafasi nyeupe ya kutosha pande zote. Fonti hii huishi kwa weupe unaoizunguka. Ukiizungushia maua, njiwa na pete, umeinyima hewa. Majina ya wazazi, ukumbi na saa viandikwe kwa fonti tulivu ya pointi 10 au 11.

Namba ya simu ya kupokelea mchango isiandikwe kamwe kwa Didoni ndogo. Miaka ya nyuma tulichapa kadi 300 za mchango zenye namba iliyoandikwa kwa Didoni ya pointi 9, ambapo unywele wa 3 na wa 8 ulififia kiasi kwamba wachangiaji kadhaa walisoma moja kuwa nyingine, na fedha zao zikaenda kwa mtu asiyehusika. Kosa lilikuwa letu, na tulizichapa upya kwa gharama yetu. Tangu siku ile namba zote za simu na za akaunti tunaziandika kwa fonti isiyo na serifu, yenye unene ulio sawa.

Je, inafaa kwa kibao cha duka au cha hoteli barabarani?

Inategemea msomaji atakuwa umbali gani. Jicho lenye afya hutambua kitu cha milimita 1 kwa umbali wa takriban mita 3. Kibao chenye herufi kubwa za urefu wa sentimita 30 katika Didoni kina nywele za milimita 8 au 9, ambazo hufutika machoni ukishafika mita 30 hivi, wakati mashina yake yangali yakionekana kwa mbali zaidi. Dereva anayeshuka Uyole au anayepita barabara kuu ya Mafinga ataona vijiti vilivyotengana, na ukungu wa asubuhi wa Tukuyu, Mufindi au Njombe huongeza tatizo hilo maradufu.

Kwa mlango wa saluni, duka la nguo au mkahawa ambao watu huupitia kwa miguu, ni chaguo zuri, hasa herufi zikikatwa kwenye chuma au mbao na kubandikwa juu ya ukuta wa rangi moja. Wanaohitaji kitu kizito zaidi tunawaelekeza kwenye Abril Fatface, inayofuata mtindo wa mabango ya karne ya 19, ambayo mashina yake ni manene mno kiasi kwamba umbo la neno hutambulika hata nywele zikififia.

Lebo ya kahawa au chai?

Kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe au Mufindi zinastahili lebo yenye heshima, na Didoni huipa bidhaa sura ya kitu kilichotunzwa. Jina la bidhaa na mahali ilipolimwa viwe kwa Didoni kubwa; uzito, tarehe ya mwisho ya matumizi na maelezo ya kuandaa viwe kwa fonti nyingine. Kama lebo itabandikwa kwenye mfuko unaokunjwa, chapa sampuli moja, ikunje mara 20, kisha uangalie ni nywele zipi zilizopasuka.

Naweza kuandikia kitabu kizima?

Unaweza, na Bodoni mwenyewe alifanya hivyo, lakini kwa karatasi bora, mistari iliyoachana sana na kingo pana. Msomaji anayesoma riwaya kwenye basi kutoka Iringa hadi Songea atachoka haraka, kwa sababu mng'aro wa mashina humvuta jicho chini badala ya kulisukuma mbele. Tumia Didoni kwa jalada, vichwa vya sura na herufi ya kwanza ya aya, kisha matini yaandike kwa fonti yenye tofauti ndogo, kama Baskerville iliyotengenezwa kwa maandishi madogo. Kwenye skrini ya simu ushauri ni huo huo.

Tisheti na kudarizi?

Kudarizi, hapana, uzi hauwezi kuwa mwembamba kiasi hicho. Tisheti za kuchapwa kwa skrini zinawezekana kama unywele hautapungua nusu milimita baada ya kukuzwa.

Nitazipata wapi bila kuvunja sheria?

Kuna zilizo wazi kwa wote. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, iliyotoka mwaka 2011, ndiyo inayojulikana zaidi. Haina ukali wa Didot, na kwa sababu hiyo inavumilia karatasi zetu za kawaida. Bodoni Moda ina matoleo ya ukubwa mbalimbali ndani yake, na Libre Bodoni inafaa kwa matini mafupi. Zote tatu, pamoja na Abril Fatface, zina leseni ya wazi ya shirika la SIL, inayokuruhusu kuzitumia katika kazi za kulipwa, kuzisambaza na hata kuzirekebisha, ila usiziuze peke yake kama fonti. Kompyuta za Apple huja na Didot na Bodoni 72, na programu za Office za Microsoft huja na Bodoni MT. Fonti za kulipiwa zinunuliwe. Aliyezichonga ametumia miezi au miaka juu ya kila mkunjo, naye ni fundi kama sisi.

Nimeandaa kazi nyumbani, lakini steshenari maandishi yamebadilika. Nifanyeje?

Kompyuta ya pale haina fonti yako, hivyo imeweka nyingine. Hifadhi kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, au yageuze maandishi kuwa maumbo kabla ya kuipeleka. Ukishayageuza hutaweza tena kusahihisha tahajia, kwa hiyo bakiza nakala ya awali.

Je, ni adabu kuitumia kwenye ratiba ya mazishi?

Ndiyo. Jina la marehemu na miaka yake, kwa Didot ya pointi 40 katika wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, huwa na utulivu unaofaa siku kama hiyo. Nyimbo na masomo yaandikwe kwa fonti nyingine, pointi 14, kwa kuwa wazee wengi watayasoma wakiwa wamesimama nje, na mara nyingi bila miwani.